Kufundisha kompyuta na usanifu wa kidijitali sekondari: anza hapa

Kila muhula mpya napokea maswali yaleyale kutoka kwa walimu waliokabidhiwa somo la kompyuta. Nianze na programu gani? Kompyuta ni 12 na wanafunzi ni 40, nifanyeje? Nusu ya darasa hawajawahi kushika kipanya na wawili watatu wananizidi hata mimi, nimfuate nani? Na kazi ya picha inasahihishwaje? Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Jambo moja kwanza. Usianze na sehemu za kompyuta, wala usipitie menyu za programu moja baada ya nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo: wiki sita za kuchora kibodi daftarini, aina za kumbukumbu na vizazi vya kompyuta. Darasa lilifaulu jaribio vizuri tu. Siku ya kukaa kwenye mashine, msichana aliyeongoza jaribio lile alikiinua kipanya hewani akakielekeza kwenye skrini kama rimoti. Kosa halikuwa lake. Tangu hapo nafundisha kwa kazi: kuna mtu anasubiri kitu, kuna tarehe ya kukikabidhi, na kila ustadi unafundishwa siku ambayo kazi inaudai.

Mfano nitakaoutumia hapa ni bango la maktaba ya shule, ukubwa wa A4, lenye saa za kufungua na kanuni tatu. Kwa vipindi viwili vinavyofuatana kila wiki, linachukua wiki saba au nane. Ukilimaliza, darasa litakuwa limegusa mafaili, michoro, maandishi, rangi, uchapaji na haki za picha bila wewe kuandika neno "nadharia" ubaoni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 au zaidi. Mashine za zamani zinatosha kwa michoro, zitalegea tu kwenye picha kubwa.
- Inkscape kwa michoro na GIMP kwa picha. Zote mbili ni za bure na zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Hazihitaji intaneti baada ya kusakinishwa, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzichagua kuliko huduma za mtandaoni.
- Toleo moja la programu kwenye kompyuta zote. Mwonekano wa Inkscape ulibadilika sana toleo la 1.0 lilipotoka mwaka 2020, na GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025 baada ya 2.10 kutumika tangu 2018. Ukichanganya matoleo, nusu ya darasa watakuambia "mwalimu, kitufe hicho kwangu hakipo".
- Fonti tano au sita za leseni huria, zilezile kila mashine.
- Vipanya halisi. Kuchora kwa kidole kwenye kibamba cha kompyuta mpakato ni adhabu.
- Karatasi, penseli na rula kwa kila mwanafunzi. Usizidharau, utaona.
- Flashi mbili zako mwenyewe, au folda moja ya pamoja kwenye mtandao wa ndani wa chumba.
- Projekta au skrini kubwa. Ukikosa, waonyeshe wanafunzi sita sita wakiwa wamekuzunguka, kisha hao wakaonyeshe wenzao.
- Mteja. Hapa ni mkutubi. Awe mtu wa kweli atakayekuja darasani kulikataa bango baya.

Hatua

1. Ingia chumbani peke yako kabla ya wanafunzi

Washa kila kompyuta. Fungua Inkscape, chora duara, hifadhi, tengeneza PDF (faili la kuchapishwa), funga, fungua tena. Mashine itakayoshindwa mojawapo ya hayo uigundue leo, si mbele ya vijana 40. Zibandike namba. Ukiweza, chapisha ukurasa mmoja kutoka kwenye printa itakayotumika siku ya mwisho, maana printa ina tabia ya kukumbuka kuharibika siku ya makabidhiano.

Kwenye Windows, washa mwonekano wa herufi za mwisho za majina ya mafaili. Kwa kawaida zimefichwa, na zikifichwa mwanafunzi hawezi kutofautisha bango.svg (faili la kazi la Inkscape) na bango.png (picha iliyokamilika). Utalipia dakika hizo mbili kwa muhula mzima usipofanya hivyo.

2. Chukua maagizo ya mteja kwa maandishi

Mkutubi aje au aandike: nani atalisoma bango, litabandikwa wapi, lazima liwe na nini, linatakiwa lini. Nusu ukurasa inatosha. Wanafunzi wainakili. Baadaye ubishi wote unaishia hapo: "Mteja alisema nini?"

Angalizo: usikubali kazi yenye jumbe tatu. Bango moja, jambo moja. Mkutubi wa kwanza niliyefanya naye kazi alitaka saa za kufungua, orodha ya vitabu vipya, faini na wasifu wa mwandishi, vyote kwenye A4. Nilimwomba achague na alinuna kidogo, lakini alichagua.

3. Pima darasa kwa dakika 15

Usiwaulize nani anajua kompyuta. Wanaojua watanyamaza kwa adabu na wasiojua watanyoosha mikono. Wape zoezi hili: tengeneza folda yenye jina lako, andika mistari mitatu kwenye programu yoyote ya maandishi, hifadhi ndani ya folda hiyo, funga kila kitu, halafu ifungue tena kazi yako.

Sehemu ya mwisho ndiyo kipimo. Kizazi kilichokulia kwenye simu kinajua kuhariri video lakini hakijui faili liko wapi, kwa sababu simu haijawahi kuwauliza. Pita na karatasi, weka alama tatu tu: amefanya, amefanya kwa msaada, hajafanya.

4. Panga zamu kabla hujapanga mada

Hapa ndipo madarasa mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wanafunzi 40 na kompyuta 12 haimaanishi wanafunzi watatu kwa mashine moja. Watatu wakikaa pamoja, mmoja anafanya kazi, mmoja anatazama, wa tatu anatafuta michezo. Gawa darasa nusu kwa nusu. Wanafunzi 20 wanakaa wawili wawili kwenye kompyuta 10, na mbili zinabaki za akiba (amini usiamini, moja itagoma tu). Wale 20 wengine wako mezani na karatasi. Kwa kipindi cha dakika 80: dakika 10 za maelekezo, 30 za kundi la kwanza, 30 za kundi la pili, 10 za kuhifadhi na kufunga.

Kwa kila wawili, mmoja ni dereva na mwingine ni mwelekezaji. Dereva anashika kipanya na kibodi. Mwelekezaji anasoma hatua, anatazama skrini, anasema "sogeza kushoto kidogo". Baada ya dakika 15 wanabadilishana. Kanuni ni moja na haina msamaha: mwelekezaji hagusi kipanya.

Wala mwalimu hagusi. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mwanafunzi anahangaika, wewe unajua ni kubofya mara moja tu, mkono unakuwasha. Ukichukua kipanya, umemaliza tatizo na umemwondolea somo. Mimi natembea nikiwa nimeshika mikono mgongoni. Onyesha kwa kidole, sema kwa mdomo, subiri.

Angalizo: usimketishe hodari na asiyejua kabisa ukidhani utapata mwalimu msaidizi wa bure. Hodari atafanya kila kitu kwa haraka na mwenzake atajifunza kutazama. Waweke wanaokaribiana.

5. Tumia kipindi kizima kufundisha mafaili

Ndiyo, kizima. Kila mwanafunzi atengeneze folda ya mradi, na ndani yake folda tatu: 01_michoro, 02_kazi, 03_mwisho. Jina la faili liwe na kazi, jina la mwanafunzi na namba ya toleo, bila nafasi kati ya maneno: bango_amina_v01.svg. Kila siku mpya ni toleo jipya. Jina kama "bango mwisho kabisa sasa hivi 2" lirudishwe likarekebishwe, hata kama kazi iliyo ndani ni nzuri.

Kisha waeleze tofauti moja tu: faili la kazi na faili la kukabidhi. Mfano wangu ni fundi cherehani. Ana karatasi ya vipimo na ana gauni. Mteja anachukua gauni, fundi anabaki na karatasi, kwa sababu akija mteja mwingine hatafumua gauni la mtu. SVG ya Inkscape na XCF ya GIMP ni karatasi ya vipimo. PNG, JPG na PDF ni gauni.

Hapo utajibu mapema swali ambalo kila darasa huuliza: kwa nini GIMP inakataa kuhifadhi JPG? Haikatai. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi kwa Ctrl+S kunatoa XCF peke yake, na kutoa JPG au PNG ni amri nyingine, Shift+Ctrl+E.

Fanyeni zoezi la Ctrl+S kama kwata. Nikipiga kofi, wote wanabonyeza. Mwanzoni wanacheka, lakini umeme ukikatika mara moja hawacheki tena.

6. Karatasi kabla ya skrini

Kundi lililo mezani halipumziki. Kila mwanafunzi achore visanduku vitatu vidogo, kila kimoja na upana wa vidole vinne, na ndani yake mpangilio tofauti wa bango. Dakika 10. Hakuna kupaka rangi, hakuna kuandika maneno madogo, mistari tu inayoonyesha maandishi yatakaa wapi.

Wengi watachora cha kwanza vizuri, cha pili kitafanana na cha kwanza, cha tatu watalalamika. Wasukume mpaka cha tatu. Mara nyingi ndicho kinachochaguliwa, kwa sababu mawazo ya rahisi yameshaisha kwenye viwili vya kwanza.

Angalizo: anayeruka hatua hii hukaa mbele ya skrini tupu akibadilisha fonti kwa dakika 30. Kwangu, asiye na michoro mitatu iliyosainiwa haketi kwenye kompyuta.

7. Onyesha tofauti ya mchoro na picha kwa dakika tano

Chora duara kwenye Inkscape na jingine kwenye GIMP. Kuza yote mawili mara nane. La Inkscape linabaki laini, la GIMP linageuka ngazi za visanduku. Sema: la kwanza limehifadhiwa kama maelezo ya umbo, la pili kama visanduku vya rangi viitwavyo pikseli. Nembo, alama na maandishi yaende Inkscape, picha za kamera ziende GIMP. Nadharia imekwisha.

Ongeza hesabu moja ya kuandika daftarini. Kwa uchapaji mzuri tunatumia pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya kujaza A4 nzima inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopitia kwenye programu za ujumbe za simu huwa imepunguzwa. Ikibaki na upana wa pikseli 1280, itatoka safi mpaka sentimita 11 hivi, si zaidi.

8. Jengeni bango

Fungua sifa za ukurasa kwa Ctrl+Shift+D, chagua A4 na vipimo vya milimita. Acha pembezoni milimita 15 kila upande, printa nyingi hazifiki ukingoni.

Wape vitufe vichache: S kuchagua, R mstatili, E duara, T maandishi, N kuvuta nukta za umbo. Kisha Ctrl+D kunakili, Ctrl+G kuunganisha vitu kuwa kundi, Ctrl+Z kurudi nyuma. Viandikeni kwenye kadi na kuibandika chini ya skrini. Vitufe ni bora kuliko menyu kwa sababu havibadiliki hata programu ikiwa katika lugha nyingine.

Zoezi la kwanza ni alama ya kitabu kilichofunguliwa. Chora mstatili mmoja uliosimama. Bonyeza Ctrl+Shift+C ugeuke umbo huru, kisha N, na nukta nne zitatokea kwenye pembe. Bofya nukta ya juu kulia, shikilia Shift, bofya ya chini kulia, zivute zote mbili chini kidogo. Hilo ni ukurasa wa kushoto. Sasa rudi kwenye S, bonyeza Ctrl+D, kisha H. Nakala imegeuka kama kwenye kioo. Ivute kulia huku umeshikilia Ctrl ili isipande wala kushuka, mpaka kurasa zikutane katikati. Hicho hapo kitabu. Chumba huwa kinanyamaza kidogo hapo, halafu mtu anasema "kumbe!"

Kosa la kawaida: mwanafunzi anasahau kurudi kwenye S, anabonyeza H akiwa bado kwenye N, na nukta alizochagua zinapinduka badala ya umbo zima. Ctrl+Z, S, rudia.

Maandishi: fonti mbili basi. Moja ya kichwa, moja ya mengine yote. Tofauti ya ukubwa iwe ya wazi. Kichwa cha 26 na maelezo ya 22 vinaonekana kama bahati mbaya, kichwa cha 72 na maelezo ya 24 vinaonekana kama uamuzi. Saa za kufungua zipangwe mstari wa kushoto, zisiwekwe katikati, ili namba zisomeke zikishuka chini.

Rangi: rangi mbili na nyeusi zinatosha bango la kwanza. Njano juu ya nyeupe ipigwe marufuku. Kanuni za kimataifa za ufikivu wa wavuti, WCAG, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Nazitumia hata kwenye karatasi. Usipokuwa na kifaa cha kupimia, chapisha nakala ya kijivu: kisichosomeka kwenye kijivu hakikuwa kinasomeka, rangi ilikuwa inakudanganya tu. Pia usitenganishe "wazi" na "imefungwa" kwa kijani na nyekundu peke yake, kwani wapo wanafunzi, hasa wavulana, ambao macho yao hayazitofautishi vizuri.

Picha za kutafuta mtandaoni: kuonekana kwenye intaneti si ruhusa ya kutumia. Wafundishe kusoma leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. BY inataka umtaje aliyetengeneza, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadilisha, SA inataka kazi yako nayo itolewe kwa leseni hiyohiyo, CC0 haina masharti. Mwanafunzi aandike chanzo cha kila picha kwenye faili dogo la maandishi ndani ya 01_michoro. Asiye na chanzo achore mwenyewe.

Na picha za akili mnemba? Kwenye hatua ya mawazo sizikatazi. Kwenye bango la kwanza nazikataza, kwa sababu mteja akisema "sogeza kitabu kushoto", mwanafunzi hana cha kusogeza.

9. Bandikeni na mtoe maoni

Chapisha rasimu hata kwa rangi nyeusi tu, zibandike ukutani, darasa lisimame mita tatu nyuma. Kila mtoa maoni aanze kwa "Kitu cha kwanza nilichoona ni..." na amalizie kwa "Sikuelewa..." Neno "nzuri" haliruhusiwi, na "mbaya" vilevile. Mwenye bango hajitetei, anaandika.

Mara moja mvulana alikuwa na bango la kupendeza kuliko yote, kitabu kikubwa chenye miale ya jua. Wanafunzi wanane mfululizo walisema "kitu cha kwanza nilichoona ni jua". Hakuna aliyetaja saa za kufungua. Sikusema chochote. Wiki iliyofuata jua lilikuwa limetoweka, na saa za kufungua zilikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

10. Toeni faili la mwisho

Kwa printa ni PDF, kwa skrini ni PNG. Kabla ya kutoa, hifadhi toleo jipya, na kwenye toleo hilo pekee chagua maandishi yote na uyageuze kuwa maumbo kwa Ctrl+Shift+C. Fonti haitabadilika tena popote litakapofunguliwa. Lakini hayataharirika pia, ndiyo maana tunafanya kwenye nakala.

Fungua PDF kwenye kompyuta tofauti na iliyoitengeneza. Chapisha moja. Watashangaa kijani kinachowaka kwenye skrini kimefifia kwenye karatasi: skrini inatoa mwanga, wino hautoi. Wachague rangi nzito kidogo, wachapishe tena, ndipo mkutubi aitwe.

11. Sahihisha mchakato, si uzuri tu

Mgawanyo wangu wa alama 100: mafaili na majina 20, michoro ya karatasi 15, kutimiza maagizo ya mteja 30, ufundi ndani ya faili 20, marekebisho baada ya maoni 15. Fungua SVG, usisahihishe PDF peke yake. Ndani ya SVG unaona kama vitu vimepangwa mstari mmoja au vimekadiriwa kwa jicho.

Halafu kuna jaribio la dakika mbili. Kila mwanafunzi anafungua faili lake mbele yangu na ninamwambia: "Mkutubi amebadilisha saa, na kitabu anakitaka kidogo zaidi." Aliyefanya kazi yake anamaliza kabla sijakaa. Aliyefanyiwa anaanza kueleza.

Mambo yakigoma

*"Kazi yangu imepotea!"* Kwenye Inkscape, bonyeza 5 kuona ukurasa mzima au 4 kuona mchoro wote. Mara nyingi amesogea mbali tu.

*GIMP haichori.* Kuna eneo lililochaguliwa mahali pengine, au yuko kwenye tabaka lisilo sahihi (picha ya GIMP inaweza kuwa na matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine). Ctrl+Shift+A inaondoa uchaguzi. Kwenye Inkscape vitufe hivyohivyo vinafungua dirisha la kupanga vitu, waonye wasichanganye.

*Mistatili yote ina kona za mviringo.* Inkscape inakumbuka ulichofanya mara ya mwisho. Chagua R, juu ya ukurasa kuna kitufe cha kurudisha kona kali.

*Picha imegeuka alama ya X kwenye kompyuta nyingine.* Iliunganishwa, haikuwekwa ndani ya faili. Wakati wa kuingiza picha, chagua ipachikwe, au hamisha folda nzima ya mradi badala ya faili moja.

*Nembo ina kisanduku cheupe nyuma.* Alitoa JPG, ambayo haiwezi kuwa na sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma. Atoe PNG.

*Inkscape imekuwa nzito kama jiwe.* Kuna picha kubwa ya kamera ndani. Ipunguze kwanza GIMP hadi ukubwa utakaochapishwa.

*Umeme umekatika.* Inkscape inaweza kujihifadhia nakala yenyewe. Ingia kwenye mapendeleo kwa Ctrl+Shift+P, hakikisha hifadhi ya kiotomatiki imewashwa, iweke kila dakika tano, na uandike mahali folda yake ilipo. Fanya hivyo hatua ya 1, si baada ya msiba.

*Folda za flashi zimegeuka njia za mkato.* Ni virusi. Usizibofye. Washa mwonekano wa mafaili yaliyofichwa. Mara nyingi kazi bado ipo. Nakili kazi hiyo, safisha flashi kwa programu ya kukinga virusi, na kuanzia hapo flashi za wanafunzi zipitie mashine moja ya ukaguzi.

*Mwanafunzi amemaliza wiki ya tatu na anasumbua.* Usimpe kazi ya kuzunguka akisaidia, atawafanyia wenzake kila kitu. Mpe mteja wake: kitambulisho cha klabu, alama za milango ya maabara, ramani ya shule. Mwenye ujuzi zaidi yangu nilimpa kutengeneza kadi za vitufe za kubandika chini ya skrini. Alizichora upya mara nne, kwa sababu wenzake walikuwa wanazitumia kila siku na kila siku walikuwa na malalamiko mapya.